Amri Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini aliyeutunga msemo huo alikuwa na duka, akawa anawakopesha majirani unga na mafuta bila kuandika, hata siku ya kudai ikafika naye hana la kumwonyesha mdeni. Msomi wa leo anayetumia tarakilishi kuhesabu na kupanga maneno ana mali ya namna nyingine, isiyowekwa rafuni wala ghalani. Mali hiyo ni amri anazoiandikia mashine, mstari baada ya mstari, kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika makala haya nataka kuwashawishi walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, kwamba amri hizo zinastahili daftari. Kwamba kuzihifadhi na kuzirejesha ni kazi ya dakika chache. Na kwamba asiyefanya hivyo anaihatarisha hoja yake mwenyewe.

Nasema haya nikiwa mwalimu wa isimu, wala si mhandisi wa mitambo. Zamani mwanafunzi wa isimu aliyetaka kuchunguza matumizi ya neno fulani alibeba kadi na penseli, akasoma vitabu ukurasa kwa ukurasa, akaandika kila mfano kwenye kadi yake. Kazi ilichukua miezi, lakini kadi zilibaki. Mtahini aliyekuwa na shaka aliweza kuomba kisanduku cha kadi akazihesabu mwenyewe. Siku hizi mwanafunzi hutumia kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini uliowekwa katika tarakilishi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ina maneno takriban milioni 25 katika toleo lake la pili. Hakuna binadamu awezaye kuyahesabu kwa kadi, ilhali mashine huyahesabu kufumba na kufumbua. Hata hivyo, katika kuipata kasi hiyo tumepoteza kitu, nacho ni kile kisanduku cha kadi.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuketi mbele ya chombo ninachokizungumzia, ni vyema nieleze kidogo. Zipo njia mbili za kuipa tarakilishi maagizo. Ya kwanza ni kuyaandika yote katika faili moja, toka mwanzo hadi mwisho, kisha kuiachia mashine iyatekeleze kwa mfuatano. Faili hilo huitwa skripti. Njia ya pili ni ya mazungumzo. Mashine huonyesha alama ndogo kwenye skrini kuashiria kwamba iko tayari. Nawe huandika mstari mmoja, ukabonyeza kitufe cha Enter, nayo ikakujibu. Ukishaliona jibu, unaandika mstari mwingine. Programu inayoendesha mazungumzo hayo huitwa ganda, kwa kuwa mwanzoni ilikuwa programu inayokizunguka kiini cha mfumo wa tarakilishi, kama ganda la njugu linavyozunguka kiini chake. Baadaye jina likaenea hata kwa lugha za programu zinazokubali mazungumzo ya aina hiyo. Lugha ya Python hukukaribisha kwa alama >>>, na lugha ya R, waliyoibuni Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hukukaribisha kwa alama moja tu, >.

Watafiti wanalipenda ganda kwa sababu utafiti wenyewe ni mazungumzo. Mtu huuliza, hujibiwa, huona kwamba swali lake lilikuwa na kasoro, naye huuliza upya. Tuchukue mfano ulio karibu na darasa letu. Kiswahili kina njia mbili kuu za kuunda kishazi rejeshi. Twaweza kusema "mtu ambaye anasoma", na twaweza kusema "mtu anayesoma". Mwanafunzi anataka kujua ni ipi inayotumika zaidi katika matini za magazeti. Anafungua ganda la Python, anapakia matini zake, kisha anaiuliza mashine: herufi a-m-b-a zinafuatana mara ngapi? Mashine inamjibu kwa idadi kubwa ya kushangaza. Anapoomba aonyeshwe mifano, anakuta shamba, kamba, mamba na sambaza, maneno yasiyo na uhusiano wowote na urejeshi.

Anairekebisha amri: sasa anataka maneno yanayoanza kwa herufi hizo tu. Maneno shamba na mamba yanatoweka, lakini ambatana na ambari yanabaki. Anarekebisha tena, akivitaja viambishi vinavyoruhusiwa kufuata: -ye, -o, -cho, -vyo, -lo, -yo na vinginevyo. Kisha anagundua kwamba mashine huitenga herufi kubwa na herufi ndogo, kwa hiyo "Ambaye" ya mwanzo wa sentensi haikuhesabiwa. Anaandika amri ya kuzigeuza herufi zote kuwa ndogo. Mwisho anajiuliza swali ambalo ni la kiisimu kabisa: je, ambapo, ambako na ambamo zihesabiwe? Anafahamu kwamba "ambapo" hutumiwa siku hizi hata mahali ambapo hapana mahali panaporejelewa, ikafanya kazi ya kiunganishi tu. Anaamua, anaandika mstari mmoja, anaipata idadi yake.

Idadi ile ya mwisho ndiyo inayoingia katika tasnifu. Njia iliyomfikisha hapo imo katika mistari thelathini au arobaini iliyokwisha kupanda juu ya skrini na kutoweka. Uamuzi wake kuhusu "ambapo", ambao mtahini yeyote wa isimu angependa kuujadili, umejificha ndani ya mstari mmoja wa amri. Mstari ukipotea, uamuzi umepotea nao.

Nimewahi kuketi katika chumba ambamo mwanafunzi wa uzamili alikuwa akiitetea kazi ya aina hii mbele ya watahini. Aliulizwa kwa upole kama "ambapo" aliihesabu pamoja na nyingine. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba anadhani aliihesabu. Neno "nadhani" ndilo lililomponza. Alipokwenda kuhesabu upya alipata idadi nyingine, na aliporudia tena akapata ya tatu. Kila moja ilikuwa na utetezi wake, na hakuna iliyolingana na ile iliyopigwa chapa katika tasnifu. Kijana huyo hakuwa mwongo, wala hakuwa mvivu. Matini zake alikuwa nazo, jedwali lake alikuwa nalo. Kilichokosekana ni kiungo kati ya matini na jedwali. Sura nzima ikabidi iandikwe upya, na mahafali ya mwaka ule yakampita, ilhali jamaa zake kijijini walikuwa wameshachanga nauli ya kuja kumshangilia.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani. Mfumo wa Unix ulipoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, watumiaji wake hawakuwa na skrini kama zetu. Walitumia mashine za Teletype, zilizofanana na taipureta, ambazo zilichapa kila amri na kila jibu kwenye karatasi ndefu. Mtu aliyetaka kujua alichokifanya asubuhi aliivuta karatasi akasoma. Skrini zilipochukua nafasi ya karatasi, mistari ilianza kupanda juu na kupotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alitunga ganda liitwalo C shell, ambalo lilizikumbuka amri zilizotangulia. Mtumiaji aliandika alama mbili za mshangao,!!, na amri ya mwisho ikarudiwa. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa ganda la Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, pamoja na maktaba ya programu iitwayo Readline. Hiyo Readline ndiyo inayokuwezesha kubonyeza mshale wa juu ukaiona amri ya awali ikirudi mbele yako, au kubonyeza Ctrl pamoja na R ukaitafuta amri ya zamani kwa herufi zake chache. Orodha hiyo ya amri zilizopita ndiyo wataalamu wanayoiita historia.

Hapa lugha yetu inatupa funzo. Neno kumbukumbu lina matumizi mawili ambayo hatuna budi kuyatenga. Twasema kwamba bibi fulani ana kumbukumbu nzuri, tukiusifu uwezo wake wa kutosahau. Twasema pia kwamba katibu amesoma kumbukumbu za mkutano uliopita, tukiyataja maandishi yaliyothibitishwa na kutiwa saini. Tarakilishi nayo ina kumbukumbu za aina zote mbili. Ya kwanza hufanya kazi maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, imefutika. Ya pili imeandikwa diskini, nayo hubaki hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Amri unazozirudisha kwa mshale wa juu, kwa sehemu kubwa ya kikao chako, zimo katika kumbukumbu ya aina ya kwanza. Mwanafunzi anapobonyeza mshale akaiona amri aliyoiandika saa mbili zilizopita, huamini kwamba imehifadhiwa. Kumbe ameona kumbukumbu ya bibi, akadhani ni kumbukumbu za katibu.

Tazama jinsi jambo hilo linavyotokea katika Bash. Kwa mpangilio wake wa kawaida, ganda hili huandika historia katika faili liitwalo .bash_history pale tu mtumiaji anapotoka kwa utaratibu. Umeme ukikatika kabla hajatoka, jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa, amri za siku nzima zimekwenda na maji. Kuna mtego wa pili. Bash isipobadilishwa hukumbuka amri 500 tu. Ya 501 ikiingia, ile ya kwanza inasukumwa nje. Mtego wa tatu humnasa anayefungua madirisha mawili kwa wakati mmoja. Kila dirisha lina historia yake, na lile linalofungwa mwisho laweza kuyafuta yaliyoandikwa na mwenzake, isipokuwa ganda liwe limeagizwa kuongezea mwishoni badala ya kuandika upya. Agizo lenyewe ni fupi: shopt -s histappend. Na asiyetaka kungoja mpaka atoke aandike history -a, na amri zake zitaandikwa diskini papo hapo.

Katika Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, mambo yalibadilika kwa hatua. Kwa miaka mingi ganda lake lilisahau kila kitu lilipofungwa. Aliyetaka vinginevyo alilazimika kujiandikia faili la kuanzia, lenye maagizo ya kuisoma historia ya zamani mwanzoni na kuiandika ile mpya mwishoni. Kuanzia toleo la 3.4 la mwaka 2014 kazi hiyo ikawa ya kawaida: pale ambapo Readline ipo, amri huandikwa zenyewe katika faili liitwalo .python_history. Hilo ni jambo jema, lakini halimtoshi mtafiti, kwa sababu faili hilo moja hupokea amri za kazi zote, za tasnifu na za mchezo, za mwezi huu na za mwaka jana. Kila kazi inastahili faili lake. Anayetumia matoleo ya 3.4 hadi 3.12, akimaliza kazi ya siku, aandike mistari hii miwili:

import readline
readline.write_history_file("rejeshi.txt")

Kesho yake, badala ya write aandike read, na mshale wa juu utamrudishia mistari ya jana kana kwamba hakuwahi kulala. Toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, lilileta ganda jipya, na humo iliyo rahisi ni kulitaja faili wakati wa kulifungua ganda. Katika Bash huandikwa hivi:

PYTHON_HISTORY=rejeshi.txt python3

Anayetumia R ana maagizo mawili yanayojieleza kwa majina yao, savehistory na loadhistory, na kila moja hupewa jina la faili ndani ya mabano. Na yupo Fernando Pérez, aliyeanza kutunga IPython mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ganda lake huziweka amri katika hifadhidata ndogo, kila moja na namba ya kikao na namba ya mstari. Ukiandika %history -g ambapo, utaletewa kila mstari wenye neno hilo, hata ule wa miezi mingi iliyopita. Ukiandika %save rejeshi 1-40, mistari ya 1 hadi 40 ya kikao chako itawekwa katika faili la peke yake. Laiti yule kijana wetu angalikuwa na mstari mmoja kati ya hii, angaliwajibu watahini kabla hawajakunja paji la uso.

Sasa nifafanue jambo linalowachanganya wengi. Kurejesha historia si kurejesha kazi. Unapolisoma faili la historia, ganda hupokea maneno ya amri tu, likayaweka mahali ambapo mshale unayafikia. Halitekelezi hata moja. Jedwali la jana, matini zilizopakiwa jana na hesabu za jana hazipo mpaka amri zenyewe zitekelezwe tena. Mpishi anayeisoma karatasi ya mapishi ya jana hajashiba. Amejua tu namna ya kupika.

Lugha ya R imeliweka jambo hili wazi kwa kuwa na mafaili mawili. Faili la .Rhistory hutunza amri, na faili la .RData hutunza vitu vilivyotengenezwa na amri hizo. Unapotoka, R hukuuliza kama ungependa kuvihifadhi vitu vyako. Wengi hujibu ndiyo, wakalala usingizi mnono. Asubuhi wanafungua na jedwali liko pale pale, nao hufurahi. Lakini jedwali hilo limetoka wapi? Lilijengwa kabla herufi kubwa hazijageuzwa, au baada yake? "Ambapo" imo au haimo? Jedwali halisemi. Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya viwili hivi, nitazichagua amri bila kusita. Mwenye amri pamoja na matini ghafi anaweza kulitengeneza jedwali hata mara mia. Mwenye jedwali peke yake hawezi kuzifufua amri zilizolitengeneza.

Yupo atakayenipinga akisema kwamba historia ya amri ni jaa la takataka: makosa ya tahajia, majaribio yaliyoshindwa, mstari uleule umerudiwa mara saba. Pingamizi hilo lina uzito, nami nalikubali nusu yake. Ni kweli kwamba historia haifai kukabidhiwa msomaji kama ilivyo. Lakini hilo ni sababu ya kuisafisha, wala si sababu ya kuitupa. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Jioni ileile, kabla kichwa hakijasahau, mwanafunzi alifungue faili la historia, aiteue mistari iliyozaa matunda, aipange kwa mfuatano katika skripti, na juu ya kila uamuzi aandike sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza kwa nini aliamua hivyo. Kisha alifunge ganda, afungue jingine lisilojua lolote, aitekeleze skripti, atazame kama idadi ileile inarudi. Ikirudi, ana ushahidi. Isiporudi, kuna mstari aliousahau, na ni heri augundue usiku ule kuliko mbele ya watahini.

Historia ghafi nayo isitupwe baada ya kusafishwa. Sisi wanaisimu tunajua thamani ya makosa. Ni kwa makosa ya mtoto na ya mgeni tunatambua jinsi lugha inavyojifunzwa. Mstari ulioleta shamba na mamba ni kosa, lakini ndio unaoeleza kwa nini mstari uliofuata una sura uliyo nayo. Mwanafunzi mwingine atakayekuja kuchunguza "amba-" baada ya miaka kumi ataokolewa safari nzima kwa kuyasoma makosa hayo.

Wengine watadai kwamba wao hutumia madaftari ya Jupyter, mradi uliochipuka kutoka IPython mwaka 2014, na kwa hiyo maneno yangu hayawahusu. Daftari la Jupyter ni chombo kizuri, kwani huweka amri, jibu na maelezo pamoja. Lakini visanduku vyake vyaweza kutekelezwa kwa mpangilio wowote, cha tano kabla ya cha pili, na kisanduku kilichotekelezwa kisha kikafutwa huacha athari katika mahesabu bila kuacha neno kwenye ukurasa. Mwalimu na atazame namba zilizo pembeni mwa visanduku. Zikiruka au zikirudi nyuma, amwombe mwanafunzi alianzishe daftari upya na kulitekeleza lote kuanzia juu hadi chini. Daftari safi huonyesha mwandishi alivyopenda tuuone mfuatano wa kazi. Historia huonyesha mfuatano wenyewe.

Liko suala la siri, ambalo halifai kupuuzwa. Historia huandika kila kilichopigwa chapa, hata kile ambacho mtu hakukusudia kionekane. Aliyeandika nywila yake ndani ya amri ameiacha diskini, na katika maabara ya chuo tarakilishi moja huweza kutumiwa na wanafunzi wengi kwa siku. Bash inaweza kuagizwa, kwa kuandika HISTCONTROL=ignorespace, isiandike amri yoyote inayoanza kwa nafasi tupu; lakini iliyo salama zaidi ni kutoandika nywila ndani ya amri kabisa. Mtafiti wa nyanjani ana wajibu mzito kuliko huo. Ikiwa aliyataja majina ya watu waliomsimulia habari zao katika amri zake, majina hayo yamo katika historia. Kabla hajamkabidhi mtu mwingine faili hilo, alisome mstari kwa mstari na kuyaondoa. Kutunza kumbukumbu na kutunza amana ya watu ni wajibu wa mtafiti yuleyule.

Wakati huu ambapo programu za akili unde zinaweza kumwandikia mwanafunzi amri nzima kwa kuombwa tu, nimewasikia wenzangu wakisema kwamba hakuna haja tena ya kumuuliza alivyofika. Mimi naona haja imeongezeka. Amri iliyoandikwa na programu ya aina hiyo yaweza kuihesabu "ambapo" au kuiacha bila kumwambia aliyeiomba. Amri ikiwa imehifadhiwa, tunaweza kuisoma pamoja darasani na kumuuliza mwanafunzi: je, uliutaka uamuzi huu? Isipohifadhiwa, hata yeye hajui ni uamuzi gani uliofanywa kwa jina lake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa vyuo. Tunapopokea tasnifu yenye majedwali yaliyotoka katika tarakilishi, tudai viambatisho vitatu: matini au maelezo ya mahali zilipopatikana, skripti iliyosafishwa, na historia ghafi ya amri. Tusiridhike na jedwali lenye rangi za kupendeza. Tena tusingoje siku ya utetezi. Tudai tangu mwezi wa kwanza wa utafiti, kwa sababu tabia hii haijengwi kwa siku moja, na amri za mwezi wa kwanza haziwezi kukusanywa mwezi wa kumi na mbili.

Kwa walimu wa shule, mwongozo wa mtaala wa umilisi uliotolewa nchini Kenya mwaka 2017 uliuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ujuzi huo ukifundishwa kama ustadi wa kubonyeza vitufe peke yake, tutakuwa tumewapa watoto nusu ya mali. Mtoto anayejifunza Python darasani aulizwe, kabla kipindi hakijakwisha: amri zako za leo umeziweka wapi? Aziandike katika faili lenye jina lake na tarehe ya siku, kama anavyoandika tarehe juu ya ukurasa wa daftari lake la hesabu. Mwalimu wa hesabu hampi mtoto alama zote kwa jibu lisilo na hatua, hata jibu likiwa sahihi. Sioni kwa nini sisi wengine tuwe wepesi kuliko yeye.

Na kwa wewe mwanafunzi unayeyasoma haya ukiwa na kazi iliyofunguliwa kwenye skrini, usingoje kumaliza sura. Hifadhi amri zako sasa, kabla hujanyanyuka kwenda kunywa chai. Kisha fungua lile faili ulisome, uone kama yaliyomo ndiyo uliyoyatenda. Utapoteza dakika tatu, nawe utakuwa na la kujibu siku utakapoulizwa ulivyoipata idadi yako.